Linakula Raha Tu

Jumatatu, 2 Machi

Kiwanda kimehama! Magodoro yetu sasa yanatengenezwa nyuma ya vilima, mahali ambapo hata mwewe hufika amechoka. Leo nimepanda basi, nikashuka, nikapanda jingine, nikamalizia kwa miguu juu ya kokoto. Nimefika chai imeshanywewa na vikombe vimeoshwa. Meneja katazama viatu vyangu, kisha saa ya ukutani, kisha viatu tena.

Na cheo cha msimamizi wa zamu kiko wazi! Mimi ndiye mpimaji mkongwe wa sponji pale. Nikilibonyeza godoro kwa ngumi, likirudi juu najua litaishi miaka mingapi. Lakini cheo hakiji kwa mtu anayeingia mlangoni akihema.

Jioni kaja shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, na lile gari lake refu. Eti kutusalimia. Kaja kuzungusha ufunguo kidoleni. Kasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba mabasi si mabaya, yanampa mtu nafasi ya kutafakari maisha yake. Mke wangu anasema hakuwa na nia mbaya, mimi ndiye natia chumvi. Siku zote mimi ndiye natia chumvi.

Nimekata shauri. Nanunua gari. Sharti la kwanza, lisile mafuta. Sharti la pili, liwe la raha, kwa sababu njia ni ndefu na mimi si gunia. Mke wangu kasema rahisi ghali, na kwamba gari la namna hiyo bado halijazaliwa. Binti yetu kacheka mpaka kwikwi ikamshika. Ndivyo anavyocheka: kicheko, kicheko, halafu "hik!" mwishoni. Ndiyo maana sote tunamwita Kwikwi. Yuko darasa la pili na hucheka hata kijiko kikianguka.

Jumatano, 4 Machi

Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Meno hayana shida. Nimeshinda nikitafuta gari.

La kwanza nilimuuliza mwenyewe lile swali la kila mnunuzi: linakulaje? Kasema linakula kawaida. Kawaida ya nani? Tumezunguka mtaa mmoja tu, mshale wa mafuta ukashuka nikiuona kwa macho yangu mawili. Hilo halili, linameza. La pili halili kabisa, kwa kuwa halitembei. La tatu lilikula vizuri na kutembea vizuri, lakini ndani nilijiona niko kwenye foleni ya benki. Raha haikuwepo. Nimemwambia mwenyewe hivyo na kanifukuza.

Shemeji kasikia, kanipigia simu. Kuna rafiki yake anauza. Rafiki wa shemeji! Bora punda. Nimemjibu kwamba tayari nina langu, linapigwa rangi. Sasa lazima nilipate upesi.

Fundi wa vioo vya magari kaninong'oneza kwamba yule mshereheshaji mashuhuri wa harusi, aliyestaafu ghafla, anauza lake. Anataka liondoke. Hilo ndilo neno alilotumia: liondoke.

Jumamosi, 7 Machi

Nimelipata!

Mshereheshaji namfahamu. Nani hamfahamu? Ndiye aliyeongoza harusi yetu. Siku ile alichekesha watu mpaka nyanya yangu meno ya bandia yakamtoka, yakaangukia kwenye keki. Leo kanipokea kwa sauti iliyonyooka, haina kilima wala bonde. Nikamkumbusha habari ya meno. Kasema, "Ndiyo. Yalitoka."

Sebuleni familia nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Vichekesho. Mtu kateleza, kaingia kichwa kwanza ndani ya pipa la rangi. Watazamaji waliomo humo ndani ya televisheni wanavunjika mbavu. Sebuleni, kimya. Mke wake, watoto, mama mkwe, wote mikono mapajani, macho wazi. Mtoto mdogo alishika biskuti na hakuila. Nikajisemea, hii ndiyo familia yenye adabu! Si kama yetu.

Gari liko uani chini ya turubai. Dogo, la kijani, taa za duara, viti vyekundu. Nimelipenda kabla turubai halijafika chini. Nikauliza linakulaje. Maneno yake nimeyakariri njia nzima. Kasema, "Mafuta haligusi. Linakula raha tu."

Kula raha! Ndicho ninachotaka! Nimemkumbatia yule bwana. Alikuwa wa baridi kidogo. Kaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye binti mmoja, anacheka kuliko redio. Kasema huyo afadhali aendelee na basi la shule. Bila shaka anavionea uchungu viti vyake vyekundu. Bei naona haya hata kuiandika. Kidogo aniongezee yeye.

Jumatatu, 9 Machi

Raha mustarehe! Nimecheka peke yangu kutoka mtaani kwetu hadi kiwandani. Kwa nini? Sijui! Kiti kinatetemeka kidogo chini yako, mbavu zinatekenyeka. Na injini ina sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari: ni ya mtu anayecheka amebana mdomo, asisikike msibani. Ukicheka, nayo inaongeza mwendo. Kona linazila lenyewe.

Mshale wa mafuta uko nusu, palepale ulipokuwa Jumamosi. Nimeugonga kwa kidole. Haukutikisika.

Nimefika kabla ya chai, kabla ya meneja, karibu kabla ya jua. Meneja katazama viatu vyangu. Visafi! Jioni nimepita kwa shemeji makusudi nikapiga honi. Katoka na taulo kiunoni. Kasema limefanana na kopo la biskuti. Nikamwambia kopo hili haligusi mafuta. Karudi ndani na taulo lake. Miaka yote hii ya ukwe, sijawahi kumwona shemeji akikosa neno. Nimelala usingizi wa mtoto.

Alhamisi, 12 Machi

Bado nusu! Nimepita kituo cha mafuta polepole, nikiwapungia mkono wale wa kwenye pampu.

Jambo dogo tu. Chai haina ladha. Nimemuuliza mke wangu kama siku hizi anabana sukari. Kasema vijiko ni vilevile, na kwamba jana nilisema hivyohivyo kuhusu mchuzi.

Halafu hili. Asubuhi shemeji, akirudisha nyuma lile gari lake refu mbele ya nyumba yetu, kaingia mtaroni. Mtaroni! Tairi za mbele hewani, majirani wote nje, shemeji kakwama mlangoni nusu ndani nusu nje, anapiga mayowe asisukumwe. Kitu nilichokiomba tangu siku ya posa! Nikasimama dirishani nikingoja kufurahi. Nikangoja. Haikuja. Nikarudi kufunga kamba za viatu.

Hili limenitia wasiwasi kuliko lile la chai. Kazini nimebonyeza godoro, likarudi juu, na sikujali kama limerudi. Itakuwa ni uchovu.

Jumapili, 15 Machi

Mke wangu hataki kupanda. Anasema gari linamtazama. Nikamwambia zile ni taa, mama, si macho. Kasema yeye anajua kumulikwa na anajua kutazamwa.

Basi nimemchukua Kwikwi peke yake, hadi kilele cha kilima na kurudi. Alivyocheka! Gari likapata nguvu ambazo sijawahi kuziona. Tulipanda kilima kana kwamba tunateremka. Niliondoa mguu kwenye pedali na bado likaenda. Kwikwi akapiga makofi, "Baba, tena! Tena!" Likaenda tena, sikuligusa.

Kurudi alikuwa kimya. Nikasema amechoka. Tulipofika kateremka, kafunga mlango taratibu, kasema, "Ahsante, baba." Hajawahi kusema ahsante bila kukumbushwa. Mama yake kamshika paji la uso. Hana homa.

Uamuzi wa busara: kuanzia kesho nampeleka shule mwenyewe. Basi la shule la nini, na gari halili?

Jumanne, 17 Machi

Naandika mlango umefungwa kwa komeo.

Asubuhi mezani kijiko kimeanguka. Sote tukamtazama Kwikwi. Kakiokota, kakiosha, kakirudisha mahali pake. Mama yake kaangusha kingine, makusudi. Kwikwi kakiokota nacho. Mke wangu kageukia sinki akafungulia maji, na nikaona mabega yake yanavyotikisika. Mimi nilijua kwamba hapo ningepaswa kuumia. Nilijua tu. Kisha nikampakia mtoto nikampeleka shule, njia nzima yeye kimya na mimi kimya, na gari likikokota.

Mchana mlinzi wa kiwanda kanifuata kwenye vipimo. Kasema, mzee, si vizuri kumfungia mtoto ndani ya gari na jua hili. Nikamwambia sina mtoto hapa, wangu yuko shule. Kasema anamsikia anacheka. Tumekwenda wote wawili. Gari limeegeshwa, limezimwa, ufunguo mfukoni mwangu. Ndani hamna mtu. Mlinzi kazunguka, kachungulia uvunguni, kafungua buti. Tairi la akiba na jeki. Kasema labda ni masikio yake, na kaondoka kwa haraka kuliko alivyokuja.

Nikabaki. Nikaweka sikio kwenye boneti. Lilikuwa la moto, na nililizima tangu asubuhi. Kwa ndani, chini kabisa, nikasikia: kicheko, kicheko, "hik!"

Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna asomaye humu. Naogopa sana. Nimeliacha hukohuko nikarudi kwa basi, nikashika mkono wa Kwikwi jioni nzima. Kaniachia niushike. Hakuubana wangu.

Jumatano, 18 Machi

Asubuhi nimefungua mlango. Gari liko nje, limegeuzia taa zake sebuleni kwetu. Ufunguo bado uko mfukoni mwangu.

Sikulipanda. Nimekwenda kwa mshereheshaji kwa miguu, na moto wa hasira unaniwaka. Nikamwambia ameniuzia mbuzi kwenye gunia! Kasema hapana. Kasema alinieleza, kwa Kiswahili sanifu, pale uani: linakula raha tu. Nikapiga kelele kwamba kula raha maana yake ni kustarehe! Kila mtu anajua! Kasema mtu akila raha, anastarehe. Gari likila raha, linakula. "Wewe uliuliza linakulaje. Nikakujibu. Ukanikumbatia."

Sarufi ilikuwa upande wake.

Nikamuuliza mbona hakulizuia, yeye na watoto wake wote wale. Kasema kutafuta dawa nako kunataka moyo, na moyo ndio uliokuwa umeliwa. Mke wake, macho kwenye televisheni, kasema liliwahi kukwama siku moja tu: siku ya kumzika baba mkwe. Gari zima lilijaa wafiwa, hakuna aliyekuwa na chembe ya raha. Likaanza kukohoa. Halafu likaanza kucheka kwa nyuma, kwenye bomba la moshi, mbele ya msafara wa mazishi. Aibu ilioje! Na watu waliokuwa wakifuata kwa miguu wakaanza kucheka nao, jeneza karibu lianguke. Wao walipanda basi la kurudi nyumbani na hawakulipakia tena watu wenye majonzi.

Wazo likanizunguka kichwani kama mbu njia nzima. Lilikosa chakula! Likala akiba! Na likila akiba, inatokea nyuma.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemweleza mke wangu yote. Nilingoja aniambie natia chumvi. Hakusema. Kaniuliza tunaanza lini.

Hila yenyewe ni hii. Nahitaji abiria asiye na raha hata ya kuonja. Mimi mwenyewe nimebakiwa na woga mtupu, lakini dereva mmoja hatoshi. Hapo ndipo Bwana Ndimu anapoingia. Ni mkaguzi wetu, kazi yake ni kukataa magodoro. Hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuyaona meno yake. Siku alipopewa zawadi ya mfanyakazi bora alisema fremu imepinda.

Nimemwomba apande gari langu Jumamosi hadi kilimani. Kasema kwa nini apande. Nikamwambia nadhani lina kasoro nyingi, nataka jicho lake. Kitu kikamcheza usoni. Karibu afurahi! Nikashtuka, nikaongeza kwamba huenda kasoro hamna, na kwamba mvua inaweza kunyesha. Akatulia, akakubali.

Lakini kile kicheko kikitoka, nani atakipokea? Lazima Kwikwi awe nyuma yetu, karibu na bomba, dirisha wazi. Yaani gari jingine. Yaani shemeji.

Nimekwenda kwake nikasimama kwenye zulia la mlangoni. Nimesema, "Shemeji, nakuomba." Miaka yote hii sijawahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, kwa kejeli, kwa ufunguo kuzungushwa. Kauliza tu kama ni kwa ajili ya Kwikwi. Nikasema ndiyo. Kasema yeye ni mjomba wake, saa ngapi?

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Bwana Ndimu kaketi kando yangu na tochi yake. Shemeji nyuma yetu na gari lake refu, mke wangu na Kwikwi kiti cha mbele, dirisha wazi. Tukaondoka. Bwana Ndimu kaanza na mshono wa kiti, kwamba umeenda upande. Akaja kwenye bawaba. Akaja kwenye kuvu inayoingia ndani ya sponji na namna mtu anavyoweza kuilalia miaka asijue. Akaja kwenye jino lake la nyuma. Sijawahi kumsikiliza mtu kwa shukrani namna ile.

Chini ya kilima gari likaanza kuhema. Kiti kikanitekenya mbavu, nguvu, nguvu, kikitafuta. Nikafikiria mkono wa Kwikwi usiobana. Kikahamia kwa Bwana Ndimu. Nilimwona akijinyoosha, kasema kiti kina hitilafu. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, mshale wa mafuta ukatetemeka. Taa zikafifia, jua la asubuhi liko juu na mimi naona zikififia. Halafu likakohoa.

Kicheko cha kwanza kutoka kilikuwa changu. Nilikitambua: cha Jumatatu ile, cha kipumbavu kabisa. Kisha kikaja kicheko kinene cha mwanamume, kisha cha wanawake wengi, kisha ukumbi mzima, vigelegele na makofi na watu wakigonga meza. Harusi! Harusi za miaka na miaka, zikitoka kwenye bomba la moshi. Nilimsikia nyanya yangu. Nyanya amefariki zamani. Nilimsikia akicheka kama siku ile, mdomo hauna meno. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

Halafu vikaja ambavyo si vya mshereheshaji wala vyetu. Vya kale. Vya watu wanaocheka kwa namna ambayo hakuna anayecheka hivyo siku hizi. Vilikuwa vingi sana. Barabarani wapita njia walisimama na mizigo yao kichwani, wengine wakicheka bila kujua kwa nini, wengine wakikimbia.

Karibu na kilele gari likawa linakwenda kwa kuburuta. Nikalibembeleza. Nikalitukana. Nikasema, bado kimoja, mwizi wewe, bado kimoja! Bwana Ndimu kasema matusi hayatengenezi injini. Likatikisika lote, milango, vioo, usukani. Kisha, kidogo kabisa, nyuma: kicheko, kicheko, "hik!"

Shemeji kapiga honi moja ndefu. Gari letu likazimika hapohapo.

Nimetoka mbio nikaanguka. Nimeanguka vibaya, kifudifudi, suruali ikachanika nyuma kutoka kiunoni hadi kwenye goti. Nikanyanyua uso. Kwikwi alikuwa amesimama mbele yangu. Katazama suruali. Katazama chupi. Mdomo ukamcheza upande mmoja. Akacheka! Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, mpaka kwikwi ikamshika, na mama yake akakaa naye, na shemeji akageukia bonde akijifanya ana mafua.

Jambo moja halikwenda sawa. Bwana Ndimu alitoa kichwa nje dirishani kukagua moshi, na kuna kimoja kilimpitia. Sasa anacheka. Ni kicheko cha msichana, chembamba, cha bibi harusi aliyebanwa na aibu. Nimempeleka kwake na kilikuwa hakijaisha.

Jumapili, 22 Machi

Chai ina sukari! Nimekunywa vikombe sijui vingapi. Nimekumbuka shemeji kule mtaroni, nusu ndani nusu nje, nikacheka kwa mkupuo cheko nililokuwa nalidai. Mke wangu kanitazama vibaya. Baada ya jana sipaswi. Nimechekea chooni.

Tumekwenda na kamba kulivuta gari. Halipo. Mama anayeponda kokoto pale kilimani kasema liliondoka alfajiri. Lilishuka upande wa pili, polepole, halina mtu ndani, injini imezimwa. Liliposhuka lilikuwa kimya kabisa. Kasema lilikuwa linaenda linageuza taa huku na huku, linachungulia kwenye nyumba.

Tumerudi na kamba yetu. Njiani shemeji kasema yeye hupita nyuma ya vilima kila siku kwa shughuli zake, na kwamba kiti kimoja kiko wazi, bure, nikitaka. Mke wangu kanibinya paja. Kwikwi kasema, "Sema ndiyo, baba."

Nimesema nitafikiria. Kila siku! Na ule ufunguo! Na yale mahubiri yake kuhusu kiyoyozi! Nakumbuka wema wake wote, lakini binadamu ana mipaka.

Ijumaa, 3 Aprili

Bwana Ndimu kapewa usimamizi wa zamu. Meneja anasema siku hizi ana uso wa kuvutia watu. Sawa. Mimi jana nilifika kazini nimechelewa tena, vumbi hadi magotini.

Lakini Mungu si Athumani. Jana jioni nimepata pikipiki!

Safari hii sikukurupuka. Mwenye kung'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Getini kanipokea mama mmoja mbichi kabisa, ngozi laini, hana kunyanzi hata moja. Kasema anayeuza ni mwanawe. Akatoka mzee amejikunja juu ya mkongojo, meno yamebaki ya kuhesabu. Nikadhani ni baba mkwe. Yule mama kasema hapana, ndiye kifungua mimba wake, kamaliza shule juzijuzi tu. Nimecheka kwa adabu. Watu wengine wana utani wa ajabu.

Pikipiki nyekundu, ina mlio mtamu. Nikauliza inakulaje, kisha hapohapo nikamkazia yule mzee macho: je, inakula raha? Kasema hapana. Nikamzungukia upande wa kushoto, nikamuuliza tena. Hapana. Nikamwambia aape. Kaapa. Raha haigusi, kasema, na mafuta pia haigusi. Inakula chumvi tu.

Chumvi! Kuna kitu rahisi kuliko chumvi duniani? Nimenunua gunia zima njiani, liko jikoni. Bado haijaonyesha hamu nalo, labda inangoja kuzoea. Leo nimekwenda kazini na kurudi na sijaona ikidai chochote. Shemeji kaizunguka, kasema mnyama huyu amekula chumvi nyingi. Nikamwambia ndiyo, na ataendelea kula, wewe endelea na kituo chako cha mafuta! Kaondoka anatikisa kichwa. Wivu!

Kwikwi anacheka tangu aione. Kaomba akae mbele Jumatatu, nimpeleke shule. Nimemkubalia.

Mgongo unaniuma kidogo, ni kiti kigeni tu. Mke wangu alikuwa ananifuta vumbi usoni, mkono ukamsimama hewani. Kanivuta hadi dirishani kwenye mwanga. Kasema nyusi zangu zote zimejaa mvi. Nimemtuliza. Nimemwambia ni chumvi.